Barette Nne za Shefu Kabemba

Saa moja na robo asubuhi, Jumatatu ya pili ya Machi 1993, Tshimanga alibonyeza herufi K, akakunja mikono. Kioo cha kompyuta kilibaki kama kilivyokuwa. Nje, mtu mwenye baiskeli na magunia mawili ya makaa, mmoja wa wale wanaotoka upande wa Mutshatsha, aliingia kwenye pembe ya kushoto ya dirisha, akalivuka taratibu, akatokea pembe ya kulia. Ndipo K ikajionyesha.

"Imefika?" mkewe Jocelyne aliuliza kutoka chumbani.

"Imefika."

"Sasa pumuzika kwanza, tata. Usiisukume. Imetoka mbali."

K hiyo ilikuwa ya kwanza katika jina Kabemba, na jina hilo lilijaa katika kitabu chote, kwa sababu kitabu kilikuwa cha Kabemba mwenyewe, mkuu wa mtaa ule wa Dilala, ambaye watu wote walimwita Shefu. Katika sherehe ya komuni, yaani utawala wa kata, baada ya Pasaka, familia za asili zilikuwa zipangwe mbele ya wageni, na katika mtaa huo familia tatu zilidai kiti cha kwanza. Mbili zilikuwa na wazee wenye sauti. Kabemba aliamua kwamba yake ingekuwa na kitabu kilichochapwa: nani alimzaa nani, nani alilima wapi, na hasa nani alifika kabla ya nani.

Shida ilikuwa moja. Kompyuta pekee katika mtaa ilikuwa sebuleni kwa Tshimanga, na Tshimanga alikuwa Mkasai, mtu wa asili ya jimbo jingine. Babu yake aliletwa na kampuni kuchimba shaba, baba yake alizaliwa katika nyumba za kampuni, yeye vilevile. Tangu mwaka uliopita watu wa asili hiyo walikuwa wakiambiwa warudi kwao, na makundi ya vijana yalikuwa yakiwatoa majumbani. Kwao huko Tshimanga hakuwahi kukanyaga.

Kabemba aliitatua shida hiyo kwa dakika moja, akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Tata Tshimanga, mpaka kitabu kiishe, hakuna kijana atagusa nyumba hii. Nimeshasema. Kitabu kikiisha, utapanda treni kama bengine, na nyumba itakuwa ya dada yangu Fidélie. Ni sawa?"

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni.

Jocelyne alikuwa katika mwezi wa tisa. Mimba zake mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, na muuguzi, kabla ya yeye mwenyewe kupanda treni, alimwamuru alale na asiinue hata ndoo. Pale stesheni familia zilikuwa zikingoja mabehewa wiki nzima, mbili, tatu, chini ya maturubai na meza zilizopinduliwa. Wanawake walijifungulia hapo, katikati ya masanduku. Tshimanga alienda kujionea. Aliona, nyuma ya ghala la mizigo, vichuguu vipya vya udongo, vifupi. Aliporudi alipitiliza mpaka kwenye kompyuta. Tangu siku hiyo uzito wa kompyuta ukawa mali ya nyumba, wa kutunzwa kama makaa wakati wa mvua. Kwa mwendo ule, kitabu kisingeisha kabla ya mtoto kuzaliwa.

Tshimanga alijua vizuri kwa nini mashine ilikuwa nzito. Mhandisi Mbelgiji alimwachia mwaka 1991, siku alipokimbia, ikiwa na programu kubwa kuliko yenyewe. Kumbukumbu yake ilikuwa ya megabaiti moja. Kitabu kilipovuka kurasa hamsini, kichwa chake hakikuweza tena kukibeba chote, kwa hiyo kila herufi iliifanya iteremke kwenye diski kuchukua kilichobaki, ipande, iandike, iteremke tena. Diski ilisikika ikikwaruza kama kuku anayetafuta punje. Tshimanga, aliyefanya kazi miaka kumi na saba katika chumba cha mahesabu cha kampuni, hakuwahi kuharibu mashine kwa makusudi, wala hakujua angeanzia wapi. Uzito huu ulimfaa kwa sababu haukumhitaji aseme uongo wowote.

Saa tatu Kabemba alikuja, na Fidélie nyuma yake.

"Tuko kwa babu wa ngapi?"

"Wa tatu, Shefu."

"Tangu wiki ya juzi tuko kwa wa tatu! Ule muzee hakukawia vile hata kuzaliwa."

Fidélie, mwanamke mpana mwenye vidole vinavyonukia mafuta ya maandazi aliyouza barabarani, alikuwa ameshanyoosha mikono kwenye dirisha na kulipima kwa mabega.

"Mama Jocelyne!" aliita kuelekea chumbani. "Pazia hii utaibeba ao utaiacha?"

"Nitaibeba."

"Haina neno. Iko na tobo."

"Tobo pia nitaibeba."

Fidélie alicheka mpaka akashika ukuta. Kabemba hakucheka. Aliinama mbele ya kioo kama mtu anayechungulia kisimani.

"Ni nini inaikawisha hii kitu?"

"Iko na kichwa kidogo, Shefu. Kitabu kimepita kichwa yake."

"Hapana, si kichwa," sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa Mukalay, jirani wa ukuta kwa ukuta, fundi umeme. Kwa miaka ishirini alifunga nyaya za mashine za kuinua mawe, na sasa, kampuni ikiwa haina tena cha kuinua, alikuwa na muda wa kufuatilia sauti za nyumba za watu. Aliingia bila kukaribishwa, kama kawaida yake, akapiga magoti chini ya meza, akaushika waya wa kompyuta kwa vidole viwili.

"Angalia hii. Mukia ya panya! Kuran ya umeme itapita wapi? Sisi tunatoa shaba ya dunia yote, mashini ya kwetu inakunywa na mukia ya panya!"

Kabemba alinyooka. Katika Kolwezi, mtu akikuambia redio yake inakoroma, utamuuliza kwanza unene wa waya. Friji haigandishi, waya. Pasi haichomi, waya. Mji mzima uliishi juu ya shaba, ulikula shaba, ulizikwa katika shaba, na hakukuwa na ugonjwa wa mashine ambao shaba zaidi isingeuponya. Kabemba aliona haya kwamba hakuliona jambo hilo mwenyewe.

"Uko na waya mukubwa?" aliuliza.

"Niko nayo chini ya kitanda," alisema Mukalay. "Ilikuwa ya mashini ya chini kabisa ya mugodi. Ile ilikuwa inavuta tani kumi. Hii itavuta herufi."

Tshimanga alifungua kinywa. Hakuna aliyemuuliza kama waya mnene ungesaidia. Kabemba alimuuliza kama ungeharibu kitu.

"Hautaharibu kitu, Shefu," alijibu, na huo ulikuwa ukweli.

Kazi ya waya ilikula siku tisa. Kebo ilikuwa nene kama kidole gumba, nzito kama mtoto, na haikuingia katika tundu lolote la nyumba. Mukalay aliipitishia dirishani, akavunja kioo kimoja, na Fidélie akapiga kelele kwamba hilo dirisha ni lake. Plagi ikawa ndogo. Akatengeneza kibano cha shaba. Kibano kikawa kinene. Mvua kubwa ikaja na kuukata umeme siku mbili. Kibano cha pili kikapatikana. Siku walipoiachia, kebo ilijinyoosha yenyewe kama nyoka aliyeamshwa, ikavuta meza, mashine, na Kabemba aliyekuwa ameiegemea meza, mpaka wote watatu wakagonga ukuta. Kutoka chumbani ilisikika sauti ya Jocelyne akiuma shuka ili asicheke.

Meza ilirudishwa. Kabemba mwenyewe alibonyeza K kwa kidole cha shahada. Watu wanne walizuia pumzi. Jogoo wa jirani aliwika, akamaliza. Diski ilikwaruza. K ikatokea.

"Mbio!" alisema Kabemba. "Mumeona? Mbio!"

"Mara mbili," alisema Mukalay.

"Mi naona ni sawa na mbele," alisema Fidélie.

"Weye unajua nini?" Kabemba alimkatiza. "Unauza maandazi."

"Maandazi pia inapikwa na moto, yaya. Moto mingi haifanye yaive haraka. Inayachoma."

Kabemba alimgeukia Tshimanga. "Tata, sema. Iko mbio ao haiko?"

Tshimanga aliangalia herufi. "Haijapunguza mwendo, Shefu."

"Umesikia?" Kabemba alimwambia dada yake.

Kwa siku kadhaa mtaa wote ulikuja kuitazama kebo ya Mukalay. Waliigusa, wakakubaliana kwamba sasa mashine ilikuwa na nguvu. Tshimanga aliandika, akakunja mikono, akaandika. Jocelyne alihesabu wiki zake kwa kugusa mbavu. Kisha Alhamisi moja Kabemba alifunua karatasi zilizochapwa na kukuta kwamba babu wa tatu alikuwa bado kijana, hajaoa.

Alitoka. Alirudi alasiri akisukuma toroli mwenyewe, na ndani ya toroli, chini ya gunia, kulikuwa na mzoga wa kompyuta kutoka mojawapo ya ofisi zilizovunjwa wakati wa uporaji wa mwaka 1991. Alikoitoa hakusema, na hakuulizwa.

"Ulisema kichwa kidogo," alisema huku akihema. "Nimeleta kichwa ingine. Iunganishe."

Tshimanga alichukua bisibisi. Sanduku lilikuwa limepinda upande mmoja. Ndani, mende walikuwa wamefanya makazi katika feni na kutu ilikuwa imekula nusu ya kila kitu. Alitaka kufunga na kusema hakuna kitu. Ndipo akaziona: barette nne za kumbukumbu, vibao vyembamba vya kijani vyenye urefu wa kidole, vimesimama katika mstari kama meno manne mazima katika mdomo wa mzee. Alichomoa moja, akaipangusa kwenye suruali, akasoma namba juu ya vidude vyeusi. Megabaiti moja kila moja. Miguu thelathini ya kuchomekea, sawa na za mashine yake.

"Bitakubali?" Kabemba aliuliza.

Chumbani Jocelyne alikohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi na kikavu, cha mtu asiye na mafua.

Tshimanga alikuwa na jibu. Alilipanga tangu toroli ilipoingia uani: si za aina hii, Shefu. Maneno matano. Lakini kwa miaka kumi na saba, kila asubuhi mbele ya mkubwa wa zamu, aliulizwa hali ya mashine na akaitaja, na mdomo wake ulikuwa umezoea njia hiyo kuliko miguu ilivyozoea njia ya kanisani.

"Bitakubali," alisema.

Kikohozi kilikatika.

Alifungua kompyuta yake. Alitoa barette ndogo za zamani. Zile mpya huingizwa mbili mbili, zikiwa zimelala kidogo, kisha husimamishwa kwa dole gumba mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Kishikizo kisipolia, mashine haioni kitu. Alijua hivyo. Aliingiza ya kwanza, ikalia. Ya pili, ikalia. Ya tatu. Ya nne aliilaza mahali pake na kuondoa mkono. Ingebaki hivyo. Shefu asingejua; hata fundi wa Lubumbashi angehitaji taa. Tshimanga alifuta jasho, akachukua kifuniko, akakiweka, akakitoa tena. Dole gumba lilirudi lenyewe, kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu. Kishikizo kikalia.

Aliwasha. Pembeni juu ya kioo namba zilianza kupanda: mia tano, elfu moja, elfu mbili.

"Inafanya nini?" Fidélie aliuliza kwa sauti ndogo.

"Inahesabu kichwa yake."

"Yote ile?"

Namba zilisimama kwenye elfu nne na tisini na sita. Kitabu kilifunguka kabla Kabemba hajavuta kiti. Tshimanga alibonyeza K, na K ilikuwepo. Alibonyeza jina zima, na jina zima likawepo, nyuma ya vidole vyake kama mbwa nyuma ya mwenyewe. Diski ilikuwa kimya.

Mukalay, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, aliipapasa kebo yake.

"Njo vile," alisema. "Shaba inataka siku kidogo mbele ya kuamuka."

Jioni hiyo, watu walipoondoka, Jocelyne hakula.

"Kubongopa mara moya tu, tata," alisema, akiwa ameelekea ukutani. "Batu banabongopa bibi zabo kila siku ya Mungu. Weye unashindwa kubongopa Shefu juu ya kachuma!"

"Iliniponyoka."

"Ilikuponyoka. Na huyu, ataniponyokea wapi? Kwa gare, nyuma ya ile nyumba ya mizigo? Unafikiri siyue kitu uliona kule?"

Tshimanga alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alimvutia shuka miguuni.

Aliandika Ijumaa yote. Jumamosi kabla ya adhuhuri babu wa tatu alikuwa ameoa, amezaa, amezeeka na kuzikwa, na wote waliomfuata walikuwa wamepangwa mpaka Kabemba mwenyewe. Tshimanga aliandika nukta ya mwisho. Chumbani Jocelyne alikuwa akifunga sufuria katika kitenge, polepole, akikaa baada ya kila sufuria.

Kabemba alikuja kusoma. Alisoma akifuata mistari kwa kidole, midomo ikisogea, kichwa kikikubali. Katika ukurasa wa arobaini kidole kilisimama.

"Babu ya Mwenze iko hapa mbele ya babu yangu."

"Njo vile ulisema, Shefu. Ulisema walivuka mto pamoja, yeye alikuwa na mutumbwi."

"Nilisema pamoja. Sikusema mbele." Kabemba alivuta pumzi. Kwa wiki nzima alikuwa amegombana na Mwenze, binamu yake, juu ya mpaka wa shamba la mihogo. "Sasa, juu ya kumutosha pale na kumuweka nyuma, inafaa kuandika tena yote?"

Hapo pia kulikuwa na jibu la kumkatisha tamaa. Lakini mashine iliulizwa, na Tshimanga akaijibia.

"Hapana. Anahamishwa tu."

Alifunika aya nzima kwa weusi, akabonyeza mara mbili. Babu wa Mwenze alitoweka katika ukurasa wa arobaini, akaibuka katika ukurasa wa arobaini na tatu, pamoja na mtumbwi wake.

Kabemba alikaa chini.

"Rudia," alisema.

Tshimanga alirudia. Kabemba aliomba mtumbwi ubaki na babu yake yeye. Ulibaki. Aliomba mto uwe mkubwa zaidi. Ukawa mkubwa. Alimwomba Tshimanga aondoke kwenye kiti. Alasiri nzima mkuu wa mtaa alivusha watu mto Lualaba kwenda na kurudi, na jua lilipokuwa linazama hakuna aliyekuwa amekaa pale alipokuwa asubuhi.

"Kitabu hakijaisha," alisema alipokuwa anavaa kofia. "Kesho nakuya."

Wakati mashine ilipokuwa nzito, hakuna aliyeomba mabadiliko, maana herufi moja ilikuwa safari. Sasa safari ilikuwa rahisi na kila mtu alitaka kusafiri. Jumatatu Mwenze alisikia. Alikuja, mzee mrefu mwenye koti la kampuni, akaleta kiti chake kabisa. Jumanne walikuja wazee wengine watatu. Mmoja alitaka shangazi yake atolewe. Mmoja alitaka mke wa pili wa baba yake aitwe wa kwanza. Mmoja hakutaka kitu, alikuja kulinda mahali pake pasisogezwe akiwa hayupo. Kila jioni Kabemba aliapa kwamba kitabu kimekwisha. Kila asubuhi alikuwa mlangoni, ameamka na babu mpya.

"Andika: tulifika hapa mwanzo."

"Mwaka gani, Shefu?"

"Andika: zamani."

"Tayari iko zamani ya Mwenze. Ukurasa wa pili."

"Basi andika: zamani sana."

"Na mi pia," alisema Mwenze kutoka kitini, "sana mbili."

Chumbani Jocelyne alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono yote miwili. Tshimanga alipoingia kumpa maji, alimvuta kwa shati.

"Tata. Katika ule muzoga, hakubakia barette ingine?"

"Zinaingia ine tu."

"Angalia vizuri. Pengine iko ya tano."

Jumatano ya mwisho ya Machi, asubuhi, wazee wanne walikuwa sebuleni wakibishana nani alilala kwanza ng'ambo hii ya mto, na Kabemba alikuwa kwenye kibodi, akibonyeza kwa vidole viwili na kujisifu. Jocelyne aliita jina la mumewe mara moja. Tshimanga aliingia, akatoka.

"Maji ya mutoto imepasuka," alisema.

Mukalay alikimbia kutafuta muuguzi. Zahanati ilikuwa na kufuli. Fidélie, aliyekuja kupima dirisha la jikoni, aliweka kamba yake juu ya mashine ya kuchapa. Alikuwa amezaa watoto sita na kupokea wa nusu ya mtaa.

"Moto. Maji. Sabuni. Wembe mupya, si ile ya ndevu yako, tata. Na ninyi, tokeni!"

"Tuko katikati ya mustari," alisema Kabemba.

"Tokeni!"

"Dada, nimalize hata hii moya, Mwenze anaweza kuigeuza..."

Sapatu ya Fidélie ilimpata begani. Wazee walitoka na viti vyao, wakaketi uani kwa mpangilio uleule waliokuwa nao ndani, kwa sababu hakuna aliyetaka kupoteza mahali. Mukalay alirudi, akasimama karibu na kebo yake. Tshimanga alichochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Kila mlio uliotoka dirishani, kupitia kile kioo kilichovunjika, uliwafanya wanaume saba waangalie miguu yao.

Saa sita kasoro kidogo mtoto alilia. Alilia kwa hasira, bila kupumzika.

Fidélie alitoka akikausha mikono.

"Mwanamuke. Na mama yake iko muzuri."

Tshimanga alikaa chini, mahali alipokuwa, juu ya udongo. Mwenze alikohoa.

"Ni muzuri," alisema. "Lakini musimutie mu kitabu. Mbele ya babu yangu hakuna fasi."

"Ninyi bote mulikuya na treni ya kampuni," alisema Fidélie. "Huyu mi nimemushika kwa mikono yangu, hapa, Dilala."

"Babu yangu alikuya na miguu!"

"Kutoka wapi?"

Mwenze alimwangalia Kabemba. Kabemba aliangalia kofia yake. Kisha mzee mmoja akauliza kama sasa wangeweza kurudi ndani.

Mtoto aliitwa Ndaya, jina la bibi yake, mama wa Jocelyne. Kitabu kiliendelea kwa siku kumi na nne zaidi. Kisha komuni ilituma mtu kusema kwamba sherehe ni Jumapili, na Kabemba hakuwa na la kufanya ila kuchapa. Mashine ya kuchapa ililia asubuhi nzima. Kurasa zilikuwa mia mbili na kumi. Katika ukurasa wa pili, familia mbili zilifika mwanzo.

Jumanne iliyofuata waliiacha kompyuta mezani, wakaenda stesheni. Kabemba alibeba sufuria begani mwenyewe; kwa maneno yake na bila sauti kubwa alikuwa amewapatia nafasi katika behewa lenye paa, upande usio na mlango. Mukalay alileta dumu la maji na mkate. Fidélie alimfunga Jocelyne kitenge tumboni, akakikaza, akakikaza tena.

"Usimuogeshe na maji ya mutoni. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na pazia ulibeba kweli. Niliona."

"Nilikuambia."

Fidélie alimkaza mara ya tatu, kisha akageuka na kupiga hatua chache, akasimama akiwa amewapa mgongo.

Injini ilipiga honi. Kabemba alisogea karibu na mlango wa behewa, akashusha sauti.

"Tata Tshimanga. Kama nataka kumurudisha Mwenze nyuma, sasa hii batu bote bameenda, nabonyeza nini?"

Tshimanga alimweleza. Kwanza kufunika kwa weusi, kisha kukata, kisha kwenda mahali panapotakiwa, kisha kubandika. Kabemba alirudia kwa midomo. Alikosea hatua ya pili. Tshimanga aliirudia, kwa subira, akitembeza vidole hewani, na behewa lilipoanza kusogea Kabemba alitembea sambamba nalo mpaka akazishika hatua zote nne kwa mpangilio wake.

"Asante!" alipaza sauti. "Asante, tata! Safari njema!"

Saa kumi na moja jioni treni ilisimama Tenke, njia panda ya reli. Watu wawili walishuka kuchota maji, wakarudi. Injini ilihamishwa, na mabehewa yakavutwa kuelekea kaskazini, walikoambiwa ni kwao. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati. Ndaya alikuwa macho, ananyonya.